Daftari la hesabu la Yunus (kikundi cha Ukoo wa Bi Mwanakombo)

Mama Yunus: Assalam aleikum wanaukoo. Naombeni mnisaidie na huyu mtoto wenu maana nikimshika mimi nitamuumiza. Nafungua daftari la hesabu nikague, naona pembeni kumejaa madoa madoa, kumbe kila ukurasa kachora kijitu. KILA UKURASA. Kaunta buku kwaya mbili jamani

Mwanaisha: Waleikum salaam. Kijitu gani

Mama Yunus: Kijitu tu wifi, cha njiti njiti. Kinakimbia. Sijui kinaikimbia fimbo yangu

Shabani: 🤣🤣🤣🤣

Kassim: Mama Yunus usimpige kwanza. Shika daftari kwa pembe ya chini, likunje kidogo alafu ziachie kurasa ziporomoke haraka haraka, rekodi utume hapa

Mama Yunus: Shemeji mi nasema daftari limeharibika we unataka vidio?

Kassim: Tuma tu

Mama Yunus: Bando limekata. Mpaka baba yake arudi

Kassim: Basi nangoja. Ila fimbo iweke chini. Huyo anafanya kile kile walichofanya waliochora Tom and Jerry, tofauti wenzake walikuwa wanalipwa mshahara

Shabani: Ba'mdogo ukishaanza na Tom and Jerry leo hatulali

Mwanaisha: Muache aseme. Unakumbuka Kassim tulivyokuwa tunachungulia dirishani kwa yule jirani mwenye tivii, wewe unasimama juu ya ndoo, mimi naambiwa nimezuia upepo. Na hatujui kizungu hata neno moja

Kassim: Ndo uzuri wake, wale hawasemi. Tom akiumia anapiga ule ukelele AAAAAH basi dunia nzima imeelewa. Na ule ukelele ni wa William Hanna mwenyewe, mmoja wa mabosi wawili walioitunga, yeye na Joseph Barbera, walianza 1940 pale MGM, kampuni ya filamu ya Marekani

Rukia: Mjomba mi jina ninalolikumbuka pale mwanzo ni Fred Quimby 😂 tukiliona hilo tunashangilia, tunajua hii ndo ile nzuri ya zamani sio zile za ajabu ajabu

Shabani: Eeeh Fred Quimby!! Mi nilijua ndo kachora yeye

Kassim: Hakuchora hata sharubu moja. Alikuwa prodyuza, bosi wa idara. Zile katuni zilichukua Oscar saba na sanamu alikuwa anapokea yeye. Waliochora majina yao yapo hapo hapo chini kwa maandishi madogo, Irven Spence, Kenneth Muse, Ed Barge, Ray Patterson, yanapita tukiwa bado tunagombania nafasi ya kukaa

Kassim: Mnajua kazi yangu. Mi miaka ishirini nachora mabango ya saluni na vinyozi, ukinipitisha mtaani nikaona kichwa kimechorwa ukutani nakwambia hiki ni cha nani hata asipoweka jina, naangalia alivyokata sikio tu imetosha. Sasa siku moja nipo naangalia Tom na watoto nikashtuka, huyu paka mbona anabadilika mkono? Katuni moja hiyo hiyo, dakika hii Tom ana meno yote nje, nyusi nene, mwili unavutika kama ubani wa kutafuna, dakika ya pili Tom katulia, mviringo, msafi, uso unaonyesha kabisa kwamba anawaza kitu. Nikatafuta. Kumbe wanagawana vipande. Yule wa fujo ni Spence, yule mwenye uso wa kuwaza ni Muse. Tangu hapo siwezi tena kuangalia nikacheka kama mtu mwenye akili timamu, naangalia mikono tu

Shabani: Ma'mdogo huko nyumbani anapata taabu

Kassim: Anapata

Rukia: Chuo tulifundishwa kidogo hii. Fremu 24 kila sekunde, yaani picha 24. Ila mara nyingi mchoro mmoja wanaupiga picha mara mbili kwa hiyo michoro 12 kwa sekunde

Shabani: Ngoja nipige hesabu. Katuni moja dakika saba si ndio? 7 × 60 = 420. Mara 12... 5,040??

Rukia: Na hapo umehesabu kama mtu mmoja. Tom na Jerry kila mmoja anachorwa karatasi yake, weka na mbwa

Shabani: Weee

Mama Yunus: Na daftari la Yunus lina kurasa 192. Nimehesabu kwa hasira

Kassim: Hizo ni sekunde 16 ukienda mwendo wao. Mpe karatasi zingine

Mama Yunus: 😐

Bibi Mwanakombo: [ujumbe wa sauti, 0:41] Nyie, hebu, mimi nauliza, hao wanachora kwenye karatasi, sasa ile nyumba nyuma, kochi, zulia, navyo wanavichora upya kila mara? Si watakufa hao. Na Yunus asipigwe, nani kasema anapigwa?

Mwanaisha: 😂😂 Mama kauliza swali la maana kuliko sote

Kassim: Mama hapo ndipo penyewe. Nyumba na zulia inachorwa mara moja tu na mtu mwingine kabisa, fundi wa rangi za maji, anapaka kwa raha zake na kivuli na kila kitu. Tom anachorwa kwa penseli kwenye karatasi, alafu kuna watu wanamnakili kwa wino juu ya karatasi ya nailoni inayoona upande wa pili, wanaigeuza, wanapaka rangi kwa nyuma ili wino wa mbele usichafuke. Ikikauka wanailaza juu ya ile nyumba, picha moja, kamera kwaa, wanaitoa, wanaweka nyingine. Nyumba haijasogea

Shabani: SUBIRI SUBIRI. Ndo maana utotoni nilikuwa najua jiwe gani litaanguka!!! Yaani kwenye mlima kuna mawe mia ila moja lina rangi tofauti, limepauka, limekaa kama limebandikwa. Nawaambia wenzangu angalieni lile, linaporomoka sasa hivi, wananiona mchawi

Rukia: 😭😭 mi hivyo hivyo na milango. Mlango wenye rangi tofauti ndo utafunguliwa

Kassim: Kwa sababu lile jiwe lipo kwenye nailoni na rangi yake ya bapa, yale mengine yapo kwenye mchoro wa nyuma. Miaka yote hiyo umekuwa ukiona mshono wa kazi ya watu bila kujua

Mwanaisha: Na hao wa kunakili wino ni akina nani? Maana hiyo ni kazi ya piko hiyo. Mi nikiwa namchora bibi harusi mkono ukitetemeka mara moja basi, hakuna kufuta

Rukia: Mama, wengi walikuwa wanawake, wasichana kabisa. Kule Disney kulikuwa na idara nzima ya wino na rangi, wanawake watupu karibu wote. Na kuna barua ya 1938 msichana mmoja aliomba kazi ya kuchora wakamjibu kwamba kazi ya ubunifu hapa ni ya vijana wa kiume, wanawake ni wino na rangi tu

Mwanaisha: Wakamwandikia kabisa? Kwenye karatasi yenye nembo?

Rukia: Yenye picha ya Snow White pembeni

Mwanaisha: Astaghfirullah. Ambayo na rangi walimpaka wao wao

Rukia: Ila baadaye akatokea Retta Scott, kwenye filamu ya Bambi ya 1942 jina lake liliandikwa kama mchoraji, wa kwanza mwanamke hapo Disney. Na unajua walimpa achore nini? Sio vipepeo. Wale mbwa wa kuwinda wanaomkimbiza swala, wale wa kutisha

Shabani: Wale mbwa walinifanya nikalala na taa 😭

Rukia: Mwaka mmoja kabla, 1941, wachoraji wa Disney wengi waligoma. Mishahara, na pia majina, maana katuni fupi za miaka ya 1930 nyingi jina unaloliona ni Walt Disney peke yake

Kassim: Kama bango unachora wewe alafu chini anaandika simu yake mwenye duka la rangi. Yamenikuta hayo, simtaji mtu

Shabani: Sasa ba'mdogo mbona za baadae zilikuja kuwa mbovu? Watu wanakimbia, kiti kile kile kinapita mara kumi

Kassim: Pesa. MGM walifunga studio yao ya katuni 1957, Hanna na Barbera wakahamia kwenye tivii na bajeti ya tivii ndogo, huwezi kuchora michoro elfu tano. Wakawa wanaacha mwili umetulia wanasogeza kichwa na mdomo. Muangalie Yogi Bear, dubu hana shati ila kavaa kola na tai. Umewahi kujiuliza kwa nini?

Shabani: Sijawahi

Kassim: Ile kola inaficha pale kichwa kinapokutana na mwili. Kichwa kinachorwa upya, mwili ni ule ule wa jana. Mi sizisemi vibaya hizo, ni akili ya fundi mwenye njaa, nami nimeshafanya yangu ya namna hiyo. Ila ukitoka hapo ukarudi ukaangalia ile ya Tom anapiga piano kavaa koti refu, iliyochukua Oscar ya 1946, utakaa kimya. Vidole vile vinapiga muziki ule ule unaousikia na bado ni paka, na bado ana dharau usoni. Na kabla ya kila kitu anajivuta nyuma kwanza, akitaka kukimbia mwili unarudi nyuma, akitaka kuruka anachuchumaa, ndo maana unaamini ana uzito. Wachoraji wapya hilo linawashinda miezi

Mama Yunus: Baba Yunus karudi na bando. Haya vidio yenu

Mama Yunus: [vidio, 0:12]

Rukia: Jamaniiii

Shabani: Rudia rudia pale katikati

Kassim: Mama Yunus. Kinachuchumaa kabla ya kuruka. Umeona? Magoti yanakunjwa kurasa tatu nzima ndo kinaruka. Nani kamfundisha?

Mama Yunus: Hakuna mtu. Anakaa na tivii tu

Mwanaisha: Na kinaruka nini, kuna kitu chekundu kinatokea kama radi

Mama Yunus: Ni X ya mwalimu. Kakosa hesabu. Nimemuuliza anasema aliikuta pale njiani ikabidi kijitu kiiruke

Kassim: 😭😭😭 nakuja Jumamosi na rimu ya karatasi

Shabani: Hesabu yenyewe ipi aliyokosa

Mama Yunus: 7 × 8. Kaandika 54

Bibi Mwanakombo: [ujumbe wa sauti, 0:04] Kwani ni ngapi?