Naomba ushauri: kuweka mikeka yetu kwenye jumba la maonyesho la ushirika

Ndugu zangu, mimi na wenzangu watano tunasuka mikeka ya ukindu hapa Pemba, na sasa ushirika mmoja wa wasanii wa Unguja umetukaribisha kuonyesha kazi zetu kwenye jumba lake kwa mali kauli, yaani tunalipwa baada ya kuuzwa, wao wakikata asilimia 30 ya kila kitakachouzwa. Kinachonitia shaka si makato hayo, bali ni nani atakayebeba hasara mkeka ukiota kuvu au rangi ikipauka dirishani, maana mkeka mmoja, tangu kusuka ukili (ule utepe mrefu wa ukindu) hadi kuushona, hunichukua wiki kadhaa (na macho yangu si ya ujana tena). Mliowahi kuingia makubaliano ya namna hii, naomba mnieleze mliandika nini kuhusu uharibifu, bei ya chini kabisa ya kuuzia na muda wa kulipwa.