Mjadala: Je, kila mwanafunzi wa kidato cha tano na sita afundishwe historia ya dunia nzima?

Mleta hoja, mwalimu wa Historia, Lindi

Ndugu zangu, naleta hoja iliyotugawa walimu ofisini kwetu tangu mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 utuletee somo la lazima la Historia ya Tanzania na Maadili. Wapo wenzangu wanaosema kwamba mtoto akishaijua nchi yake, tena kwa Kiswahili, inatosha. Historia ya dunia ibaki kwa wale wachache wenye tahasusi za Historia, na hata kwao ipunguzwe. Mimi nashikilia kinyume chake. Kila mwanafunzi, hata anayesoma Fizikia na Kemia, apitishwe katika mkondo mpana wa historia ya dunia, ila tuache kuufundisha kwa namna tunayoufundisha sasa.

Namna hiyo naijua vizuri, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa yangu kwa miaka mingi. Mapinduzi ya Ufaransa, sababu sita. Vita Kuu ya Kwanza, sababu tano. Mdororo wa uchumi, matokeo saba. Mwanafunzi anabukua, anayamwaga kwenye karatasi ya mtihani, na matokeo yanapotoka ameshasahau yote. Mada zinafuatana kama mabehewa, lakini hakuna aliyewahi kumwambia mtoto kwamba treni hiyo ilipita karibu na kwao.

Muhula uliopita nilijaribu jambo jingine. Niliandika ubaoni mwaka mmoja tu, 1776, nikawauliza kidato cha tano ulikuwa na nini. Wawili watatu walilijua Tamko la Uhuru wa Marekani la tarehe 4 Julai, lenye maneno kwamba watu wote wameumbwa sawa. Nikawaeleza kwamba Septemba ya mwaka huohuo, hapa mkoani kwetu, Sultani wa Kilwa alifunga mkataba na mfanyabiashara wa Kifaransa aitwaye Morice, wa kumuuzia watumwa 1,000 kila mwaka, piasta (sarafu za fedha) 20 kwa kila mmoja, kwa muda wa miaka 100, ili wapelekwe kwenye mashamba ya visiwa ambavyo leo ni Mauritius na Réunion. Binti mmoja akauliza kama wale waliotia saini kule Philadelphia nao walikuwa na watumwa. Wengi wao walikuwa nao, nikamjibu, na kipindi kizima kikaishia hapo, maana darasa lilikataa kuendelea mbele.

Kilichonishangaza ni wiki iliyofuata. Tulipofika mwaka 1789, wao wenyewe ndio waliouliza kama Tamko la Haki za Binadamu la Paris liliwafikia waliouzwa kutoka Kilwa. Kwa mara ya kwanza nikaifundisha Haiti, koloni la Ufaransa katika Karibi, kwa sababu wanafunzi wameihitaji: watumwa walioinuka mwaka 1791, Ufaransa iliyofuta utumwa katika makoloni yake mwaka 1794, Napoleon aliyeurudisha mwaka 1802, na taifa huru lililozaliwa mwaka 1804. Hapo awali nilikuwa naitaja Haiti kwa sentensi moja, kama mtu anayesalimia huku anapita.

Mwaka 1905 unafaa vivyo hivyo. Mwezi Julai watu wa Nandete, katika milima ya Umatumbi wilayani Kilwa, waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Ujerumani iliitaka pamba hiyo ili viwanda vyake vya nguo visiendelee kuitegemea pamba ya Marekani. Mwezi Mei wa mwaka uleule Japani ilikuwa imezizamisha nyingi kati ya meli za kivita za Urusi katika mlangobahari wa Tsushima, na Urusi kwenyewe wafanyakazi walikuwa wamegoma na kupigwa risasi tangu Januari. Mwanafunzi anayeyaona hayo pamoja anajiuliza swali ambalo kitabu hakimpi: kwa nini Wajapani walishinda na Wamatumbi wakashindwa? Akilijibu swali hilo kwa uaminifu, ameshaingia kwenye mageuzi ya Meiji yaliyoanza Japani mwaka 1868, kwenye viwanda, kwenye kodi, kwenye bunduki na nani anaziunda.

Naomba michango yenu.

Mchangiaji, mzazi, Newala

Mwalimu, heshima yako. Umeandika vizuri, na sina ugomvi na binti yule aliyeuliza swali la maana. Ila mimi ni mkulima wa korosho ninayelipia watoto wawili shule, nami nina mashaka mawili.

La kwanza, unatuonyesha kana kwamba kila njia ya dunia inapita Kilwa. Mengi makubwa hayakupita hapa, nawe unajua. Tukianza kuyatafutia kila tukio kamba ya kulifunga na kusini, tutakuwa tumewafundisha watoto majivuno badala ya historia. La pili, mwanangu ana ndugu zake ng'ambo ya Ruvuma, watu wa ukoo mmoja na lugha moja, lakini hajui ni nani aliyeugeuza mto huo kuwa mpaka. Kabla hajaijua Paris, si ni haki aujue kwanza mto anaouvuka kwenda msibani?

Mchangiaji, mwalimu wa Historia, Masasi

Mwalimu mwenzangu, tatizo langu ni zito kuliko la vipindi, ingawa vipindi navyo havitoshi na mtihani hautungi swali la mwaka mmoja. Mkato wa mwaka unavutia, lakini unaficha mwendo wa mambo. Mapinduzi ya Ufaransa yaliiva kwa miongo kadhaa, kwa madeni ya mfalme, mavuno mabaya na kodi zilizowaangukia wasio na vyeo. Mwanafunzi anayejua kwamba mambo mawili yalitokea mwaka mmoja anaweza kudhani kwamba moja lilisababisha jingine, na hilo ni kosa la kwanza tunalomkataza mwanahistoria. Afadhali ajue mada tano kwa kina, sababu hadi matokeo, kuliko kurukaruka juu ya dunia nzima kama ndege asiye na kiota.

Mleta hoja

Nianze na mzazi wa Newala. Ndugu yangu, umenipa silaha bila kukusudia. Mpaka wa Ruvuma haufundishiki ukibaki Tanzania. Ujerumani na Ureno zilikubaliana juu yake mwaka 1886, na hakuna Mmakonde aliyeitwa mezani. Hata hivyo mwaka 1894 Wajerumani walijitwalia kipande cha Kionga, kusini mwa mdomo wa mto. Wareno wakakichukua mwaka 1916 katikati ya vita, na mkutano wa amani wa Versailles wa mwaka 1919 ndio uliowaachia. Mtoto anayetaka kujua kwa nini anavuka mpaka kwenda msibani itabidi afike Berlin, Lisbon na Versailles, apende asipende. Na mkorosho unaomlipia ada uliletwa na Wareno kutoka Brazili, kama ulivyokuja muhogo anaoula.

Kuhusu majivuno, onyo lako nalipokea. Uchina ilichapa vitabu, na Tauni Kuu iliiangamiza Ulaya kuanzia mwaka 1347, bila kuiomba Kilwa ruhusa. Lakini hata hapo mlinganisho husaidia. Msafiri Ibn Battuta wa Moroko aliifikia Kilwa mwaka 1331 akausifu uzuri wake. Miaka saba kabla yake Mansa Musa, mfalme wa Mali, alikuwa amepita Cairo na dhahabu iliyowashangaza Wamisri. Dhahabu ya Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, ilikuwa ikipandia Kilwa kwenda kaskazini, na vyombo vya udongo wa Kichina vikishuka kuja kwetu. Anayeiona dunia hiyo ya biashara ndiye anayeelewa tauni ilisafirije mbali kiasi kile, ijapokuwa habari yenyewe ni ya bandari nyingine.

Kwa mwalimu wa Masasi, nakiri kwamba umenibana. Nilisema mwaka kana kwamba unajitosheleza, kumbe darasani sikuishia hapo. Mwaka ni mlango tu. Kutoka mkataba wa mwaka 1776 tulirudi nyuma hadi mwaka 1505, Wareno walipoipora Kilwa, tukajiuliza dola iliyokuwa na Msikiti Mkuu na jumba la kifalme la Husuni Kubwa ilifikaje kuuza watu kwa Mfaransa. Huko ndiko mwendo na sababu zilikopatikana. Kosa la kudhani kwamba kilichoandamana kimesababisha lilijitokeza kweli kwenye insha zao, nami nililisahihisha hadharani. Sijui njia bora ya kumfundisha mtu kosa hilo kuliko kumwacha alifanye mara moja. Ila mada tano za kina kwa kila mwanafunzi wa sayansi hutazipata, mwenzangu, na wewe unalijua hilo. Miaka mitano kwa mwaka mzima wa masomo inawezekana.

Mchangiaji, mzee mstaafu, Nachingwea

Nimewasoma wanangu. Mwalimu wa Lindi hajautaja mwaka 1947, nami nashangaa, maana ndio uliotuzaa sisi. Uingereza ilitoka vitani haina mafuta ya kula wala dola za kuyanunulia, ikaamua karanga zilimwe Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea. Bandari ya Mtwara na reli vilijengwa kwa ajili ya karanga hizo. Mradi ulifutwa mwaka 1951 baada ya kumeza kama pauni milioni 36, na reli ikafungwa mwaka 1962. Sisi tukiwa watoto tulicheza juu ya tuta lake. Baba yangu alikuwa akisema kwamba wenye matrekta hawakumuuliza hata mkulima mmoja mvua ya hapa inanyeshaje.

Tena msiusahau mwaka 1974. Kambi ya FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, ilikuwa hapa, vijana wa Msumbiji tuliwaona kila siku. Mwezi Aprili wanajeshi waliipindua serikali kule Lisbon kwa sababu walikuwa wamechoshwa na vita vya Afrika, hivi hivi vilivyokuwa vikiendeshwa kutoka kwetu. Mwaka uliofuata Samora Machel, kiongozi wa FRELIMO, aliondokea Nachingwea, akavuka Ruvuma, akaenda kushika nchi yake. Mzazi wa Newala anasema mambo makubwa hayakupita hapa. Hilo lilipita, na likafika hadi Ureno.

Jambo moja tu nawaonya: msituamini wazee kwa kila kitu. Mimi mwenyewe kwa miaka mingi niliwasimulia wajukuu kwamba Samora aliondoka wakati wa mavuno ya korosho, hadi mmoja wao akaniambia kwamba mwezi Mei korosho bado hazijaanza.

Mleta hoja

Shikamoo, mzee. Basi mitano imetimia: 1331, 1776, 1905, 1947 na 1974. Mwalimu wa Masasi, nakuomba uandae wewe ule wa 1947, sababu hadi matokeo kama unavyotaka, nasi tuubandike wa kwako kando ya wa kwangu tuone ni upi wanafunzi wanauandikia insha iliyo bora. Nawe mzee, tuta hilo la reli linaonekana upande gani wa mji siku hizi? Ningependa kuwaleta vijana walione kabla mvua za Desemba hazijaanza, na kama afya inaruhusu, uwaeleze pia ulivyokosea kuhusu korosho.