Anayelala kibarazani Mwaloni: mwenyekiti wa mtaa amwandikie barua au asimwandikie?

Mleta mada

Wakuu, habari za leo. Mimi ni afisa ustawi wa jamii hapa Mwanza. Sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kukutanisha watu: watendaji wa kata, dawati la jinsia na watoto, viongozi wa dini, wenye makao ya watoto, wafanyabiashara wa mjini kati.

Kwa mtoto anayelala nje, njia inajulikana. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaitwika halmashauri ustawi wa watoto walio katika eneo lake. Tunatafuta kwao, na ikishindikana tunatafuta familia ya kuaminika. Taabu inaanza akitimiza miaka 18. Anatoka mikononi mwetu, kibarazani hajatoka.

Mchukulieni kijana anayebeba magunia ya dagaa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Pesa anapata. Akitaka kupanga chumba, mwenye nyumba anadai kitambulisho. Fomu ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, inataka muhuri wa serikali ya mtaa. Akifika kwa mwenyekiti anaulizwa, "Unakaa nyumba ya nani?" Safari imeishia hapo. Bila NIDA hawezi kusajili laini kwa jina lake, na bila laini hana pa kuweka hela, kwa hiyo analala nayo kwenye soksi mpaka wenzake wamchomolee usiku. Halafu tunasema vijana hawa hawana akili ya kuweka akiba!

Hoja yangu: mtaa anaolala ndio mtaa wake. Mwenyekiti asaini barua ya kumtambulisha kuwa mkazi.

Mwenyekiti wa mtaa (mstaafu)

Afisa, nakuheshimu, ila hapa unatutwisha mzigo usio wetu. Barua ya mwenyekiti ni dhamana. Akikamatwa na mali ya watu, mlango unaogongwa usiku ni wangu, wewe umelala. Halafu wengi wana kwao: Ukerewe, Sengerema, Magu. Waandikiwe huko. Na uraia je? Ziwa hili tunalichangia na Kenya na Uganda, mtu anashuka kwenye mtumbwi akiongea Kiswahili safi, nitamjuaje?

Mama lishe, Kirumba

Shikamoo mwenyekiti. Kuwajua tunawajua. Hapa kwangu wapo wanaoniachia hela zao jioni, naandika kwenye daftari. Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawavuliwi, kazi inakufa, wanakula kwa mkopo. Giza likirudi wanalipa. Mmoja aliniingiza mjini, siwezi kuficha, lakini hata wenye nyumba zao wananikopa na kupotea.

Na tusisahau Oktoba 2024, tulipoandikishwa kwa ajili ya uchaguzi wa mitaa. Sifa ilikuwa Mtanzania, miaka 18, mkazi wa mtaa. Vijana wa kibarazani waliitwa wakajiandikishe na hakuna aliyewauliza nyumba ya nani. Kwa kura ni wakazi, kwa barua ni wageni?

Mdau, Nyegezi

Mnawadekeza. Kanuni ya Adhabu ina vifungu vinavyowahusu wazururaji. Itumike, mji upumue.

Mleta mada

Mdau, mzururaji ukimfunga, akitoka anarudi kibaraza kilekile, ila sasa mwajiri ana sababu nyingine ya kumkataa. Sijaona mji ukipumua kwa njia hiyo.

Mwenyekiti, la uraia ndilo zito na sitalipuuza. Lakini barua haimpi mtu uraia. NIDA wana uhakiki wao na Uhamiaji wapo. Wewe unaandika unachokijua: huyu yupo hapa, tunamwona. Kuhusu kwao, wengine walizaliwa kwenye kambi za wavuvi visiwani. Kambi inahama kufuata samaki, na ukienda kuuliza unakuta watu wapya kabisa. Huko nani atasaini?

La dhamana nakubali lisikae kwako peke yako. Barua iwe ya muda, tuseme miezi sita. Iwe na wadhamini wawili wenye biashara mtaani, na sahihi ya ofisi ya ustawi. Akipata chumba, anahamishia ukazi wake huko.

Mwenyekiti wa mtaa (mstaafu)

Hiyo ya wadhamini na muda inajadilika. La kura limeniuma, ila ni kweli. Lakini sahihi ya ustawi itangulie ya mwenyekiti, na namba ya simu ya afisa iandikwe palepale. Mlango ukigongwa usiku, mwenyekiti apige na ipokelewe.

Mleta mada

Iandikwe. Twende nayo kwenye mkutano wa mtaa. Mama, utakuwa mdhamini?

Mama lishe, Kirumba

Wa wale walio kwenye daftari, ndiyo. Yule aliyenikimbia mtafutieni mwingine.