Mnaogawa picha zote 2,000 kwa mteja, mnatuharibia kazi!

Wakuu, nimevumilia sana, leo naongea.

Nimepiga harusi kwa filamu miaka mingi kabla ya kuhamia dijiti. Mkanda mmoja picha 36. Ukibeba mikanda kumi una picha 360 kwa shughuli nzima, tangu bibi harusi anavaa mpaka keki inakatwa. Kwa hiyo unamsoma mtu kwanza, unasubiri, ndipo unafyatua. Nilipohama, waliotangulia wakaniambia, "Wewe piga tu, kadi haijai." Sijawahi kupewa ushauri mbovu kama huo.

Juzi nimerudi nyumbani na picha 2,140. Baba alipokuwa anamkabidhi binti yake, alimfuta chozi kwa kidole gumba. Sina hiyo picha! Nilikuwa nimeinamisha kichwa, nakagua kwenye skrini picha niliyotoka kuipiga. Enzi za filamu hakukuwa na cha kukagua mpaka isafishwe, jicho lilibaki kwa watu.

Na mwanga je? Negativu, yaani ule mkanda wa filamu, ukiizidishia mwanga kidogo inavumilia, kinachoiua ni giza. Dijiti kinyume chake: sehemu nyeupe ikishaungua, imeungua. Hili hakuna aliyenionya. Harusi zangu tatu za mwanzo gauni lilitoka jeupe pee, lesi na shanga zote zimemezwa, bibi harusi ananiuliza maua ya kifuani yamekwenda wapi. Halafu mtu anakwambia "utarekebisha kwenye kompyuta". Utarekebisha nini wakati hapo hakuna kitu? Siku hizi napima mwanga kwa gauni kwanza, nyuso zilizo kivulini naziongezea mwanga baadaye, tena kwa tahadhari, maana ukizidisha zinajaa chengachenga. Nimejifunza kwa kulipa kwa aibu.

Sasa hili la "nitumie zote". Mteja anaomba kila kilichomo kwenye kadi: waliofumba macho, wanaotafuna, picha kumi na nne za pozi moja. Simlaumu. Kamzoesha nani? Ni ninyi mnaomwachia flashi imejaa kabla hata viti havijakunjwa ukumbini! Kuchagua ni nusu ya kazi ya mpiga picha. Kwenye filamu tulichagua kabla ya kubonyeza, kwa dijiti tumeahirisha, na ninyi mmeamua kutochagua kabisa. Kisha mimi nikitoa picha 300 nilizokesha nazo usiku wa siku nne, naulizwa nyingine nimezificha wapi, eti mwenzangu alitoa 2,000 kwa siku moja.

Skrini ya kamera yangu nimeiziba kwa selotepu nyeusi. Naifungua mwanzoni kupima mwanga, basi. Na mkataba wangu sasa unataja idadi: 300, nilizochagua mimi.

Wewe unayegawa kadi nzima, nijibu hapa hapa: hizo picha ulizitazama hata mara moja kabla ya kumkabidhi mwenye harusi?