Mrejesho: pampu ya mafuta ya Mercedes 280E niliyoifunga kabureta

Wakuu, niliuliza nifunge pampu gani kwenye W123 280E baada ya kutoa injekta za K-Jetronic (mfumo wa kunyunyizia petroli kwa presha kubwa) na kuweka kabureta mbili za Weber. Wengi mlisema niachane na pampu ya zamani. Nikabisha, ubahili tu.

Ile pampu ya zamani inasukuma zaidi ya psi 70 (kipimo cha presha), Weber inataka kama 3. Sindano ya boya, inayozuia petroli kuingia kabureta ikishajaa, ikashindwa kuziba, petroli ikafurika juu ya injini ya moto. Fundi wangu wa Mwanjelwa aliruka kama kaona koboko.

Sasa nimefunga ya umeme ya presha ndogo, chini jirani na tangi, maana hizi zinajua kusukuma kuliko kuvuta. Filta imetangulia pampu. Regulata na geji viko karibu na kabureta, inasoma 3. Umeme unapita kwenye swichi ya presha ya oili: injini ikizimika, pampu nayo inakata.

Juzi nimepanda Uyole hadi Isyonje, haikukohoa hata mara moja.

Imebaki moshi mweusi. Mbeya mjini ni kama mita 1,700, hewa nyepesi, nadhani jeti (vitundu vya kupitisha petroli kwenye kabureta) ni kubwa. Mwenye jeti ndogo za Weber anishtue.