Mliopitia saratani ya tezi dume, au mliomuuguza mzee: tupeane uzoefu

Kofia ya Zamani
Wakuu, jana nilikuwa benchi la hospitali nasubiri majibu. Pembeni yangu mzee mmoja kashika mfuko wake wa mkojo kama mtu aliyeshika mkoba wa kazini, hana habari. Akaniuliza, "Wewe ya ngapi?" Nikadhani anaulizia foleni, kumbe PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume. Yangu 11. Yake siku ya kwanza ilikuwa 340. Nikakosa la kusema.

Nina miaka 56, siumwi popote. Usiku naamka kukojoa mara mbili tatu, nikajua umri. Daktari anataka picha ya MRI, kisha wachukue vinyama vya kupima. Nyumbani sijamwambia mtu. Mliopita njia hii tiririkeni, msinifiche kitu.

Mjomba Kimya
Pole mkuu. 11 si hukumu. Mimi ilifika 14, kumbe UTI. Nikatibiwa, baada ya wiki sita ikasoma 3. Mkojo wako ulipimwa?

Nahodha wa Nchi Kavu
Nakazia. Halafu kama ulipanda baiskeli, au ulikutana na mama watoto siku moja mbili kabla ya kutoa damu, inaweza kupanda. Wengi hatuambiwi.

Dada wa Tatu
Inapanda kidogo, jamani. Msimpe mtu kisingizio cha kubaki nyumbani.

Bawabu
Watu wanachanganya vitu viwili. Tezi kutanuka kwa umri ni ugonjwa wake, saratani ni ugonjwa mwingine, na ule wa kwanza haugeuki kuwa wa pili, ila mtu anaweza kuwa navyo vyote. Tezi ikitanuka inabana mrija wa mkojo unaopita katikati yake, ndiyo unaona mtu anakojoa kwa kukatakata. Saratani mara nyingi inaanzia upande wa nyuma, mbali na mrija, kwa hiyo mwanzoni huoni dalili yoyote.

Mimi nilikwanguliwa tezi kwa sababu ya mkojo kubana. Makwangua yakapelekwa maabara, humo ndimo wakakuta saratani. Gleason 3+3, yaani 6, kipimo cha ukali wa saratani, na hiyo ni ya chini. Huu mwaka wa nne sijakatwa wala kuchomwa mionzi. Napima PSA kila miezi sita, MRI nimerudia, vinyama nimechukuliwa tena mara moja.

Chuma cha Reli
Yaani unajua unayo halafu unaitazama tu? Toa hilo dude mkuu.

Bawabu
Toa lako. Uingereza walifuatilia wanaume 1,643 ambao saratani ilikuwa bado ndani ya tezi: wengine walipasuliwa, wengine mionzi, wengine wakaangaliwa tu kwa karibu. Baada ya miaka 15, waliokufa kwa saratani hiyo hawakufika 3 katika kila 100, na makundi yote matatu yalikaribiana. Gleason 6 ni ya mwendo wa kinyonga. Siku ikibadili mwendo nitakatwa, sina ubishi.

Chuma cha Reli
Karibu wote hao walikuwa wazungu. Sisi weusi inatupata zaidi na inatupata mapema.

Bawabu
Hapo huna kosa. Ndiyo maana sijawahi kukosa tarehe hata moja.

Mizizi Tiba
Mnahangaika bure. Ninayo dawa ya asili, siku 21 tezi inarudi kama ya kijana. Njooni pembeni.

Dada wa Tatu
Baba yangu alikunywa ya mtu kama wewe miezi minane. Kaa hapo usikilize.

Alianza kulalamika kiuno. Akasema ni godoro, tukabadili godoro. Akasema ni kiti, tukabadili kiti. Kumbe maji yake ya mizizi anayo kwenye chupa nyuma ya vitabu, anakunywa alfajiri kabla hatujaamka, maana mkojo ulikuwa unamsumbua na hakutaka binti zake wajue.

Usiku mmoja saa nane nikasikia kishindo chooni. Nimemkuta sakafuni. Ananiambia kwa sauti yake ileile ya kila siku, "Mwanangu, miguu imeniacha." Alikuwa amejikojolea, na hakuwa anajua. Hilo la kutojua ndilo lililonitisha kuliko kuanguka. Kaka yangu anasema tungoje kukuche. Nikapiga kelele hadi jirani akatoka na gari.

Mapokezi tulikuta daktari kijana kabisa. Akachukua kipini, akaanza kumgusagusa kutoka nyayo kupanda juu. "Hapa unasikia, baba? Hapa?" Akafika kitovuni ndipo mzee akasema ndiyo. Yule kijana akaacha utani. Akamchoma sindano ya dexamethasone ya kupunguza uvimbe palepale, MRI ikaja baadaye: saratani imekaa kwenye pingili, inaubana uti wa mgongo. PSA zaidi ya 900. Tukaambiwa hapo zinahesabiwa saa, si siku. Miguu ikishakufa siku mbili, kuirudisha ni nadra. Akaanza mionzi ya mgongo siku hiyohiyo.

Kisha likaja la homoni. Saratani hii chakula chake ni homoni ya kiume, na homoni hiyo sehemu kubwa inatengenezwa kwenye korodani. Kwa hiyo unachagua: sindano ya kila mwezi au kila miezi mitatu, bila kuacha, au korodani zitolewe mara moja yaishe. Kaka zangu wawili wakashikana mashati kwenye korido. "Hamwezi kumhasi mzee!" Mzee alikuwa anasikia yote. Akatuita. "Nyie sita mmeshazaliwa. Hizi mnamtunzia nani?" Akasaini mwenyewe.

Maumivu ya mifupa yalipungua ndani ya siku chache. Alirudi kutembea kwa fimbo, mguu wa kushoto ukiburura. Joto lilikuwa likimpanda ghafla, analowa jasho shingoni hadi anavua shati. Siku moja akamwambia mama, "Kumbe hili ndilo joto nililokuwa nakucheka nalo miaka ile?" Mama akamjibu, "Pole, mwenzangu," wakacheka mpaka tukatoka vyumbani kuuliza kuna nini.

Alituachia miaka mitatu zaidi.

Mama Mlezi
Nimesoma nimesimama. Pole dada.

Nahodha wa Nchi Kavu
Huyo kaka aliyetaka kungoja kukuche sasa anasemaje?

Dada wa Tatu
Huyo ndiye aliyembeba bafuni miaka yote mitatu. Mwacheni.

Mizizi Tiba
Dawa yangu si ile ya baba yako.

Chuma cha Reli
Wewe bado upo?

Suruali Mbili
Tuzungumzie upasuaji, maana wengi mnaficha. Nilitolewa tezi yote. Mpira wa mkojo siku kumi, ulipotoka nikadhani nimemaliza, kumbe ndiyo kwanza. Ukikohoa tone, ukicheka tone, ukiinuka kwenye kiti suruali imelowa. Nilivaa pedi miezi mitano. Kilichonisaidia ni kukaza ile misuli ya kuzuia mkojo na ushuzi: kaza, hesabu hadi kumi, legeza. Anza kabla hujapasuliwa, usiwe kama mimi.

Nguvu za kiume zimerudi baada ya mwaka na kitu, kwa msaada wa vidonge. Raha ipo, shahawa hakuna. Bunduki inalia, risasi hamna.

Mjomba Kimya
😂😂 Ikija zamu yangu nachagua mionzi kwa sababu yako.

Suruali Mbili
Mionzi nayo ina yake. Mwenzangu mmoja aliona damu chooni mwaka mzima baada ya kumaliza.

Chuma cha Reli
Mimi yote sawa, ila kile kidole cha daktari hapana. Damu inatosha.

Bawabu
Sekunde kumi hizo. Kidole kinatafuta ugumu kwenye tezi, na kuna watu PSA ni ndogo ila kidole kimekuta kitu. Jingine watu wanaloficha: kama unatumia vidonge vya finasteride, vya tezi kutanuka au vya nywele kukatika, mwambie daktari, baada ya miezi kadhaa PSA inasoma kama nusu.

Mama Mlezi
Na kwenye ukoo ulizeni saratani ya matiti pia. Sisi tulikutwa na hitilafu ya kurithi kwenye jeni ya BRCA2, shangazi matiti, kaka tezi dume.

Kofia ya Zamani
Nimesoma zote. Dada wa Tatu, hapo kwenye chupa nyuma ya vitabu nimeinamisha kichwa. Mimi yangu ilikuwa droo, majibu ya PSA nimeyafunika na soksi. Mke wangu kayakuta leo asubuhi akitafuta chaji.

Dada wa Tatu
Kasemaje?

Kofia ya Zamani
Hajasema. Kachukua simu yangu, kapiga hospitali, kaweka MRI ya Alhamisi. Sasa hivi ananiuliza hiyo misuli inakazwaje.