Utawala wa Shang uliangukaje kwa vita moja?

Mwalimu wa Katuba
Jambo wandugu. Nafundisha historia hapa Lubumbashi, na wanafunzi wa mwaka wa sita wamenibana. Shang walitawala China tangu karibu 1600 K.K. Walikuwa na maandishi, magari ya farasi na bronzi (shaba iliyochanganywa na bati) tele. Halafu karibu 1046 K.K. wakashindwa vitani huko Muye na Zhou, watu wa magharibi waliokuwa chini yao, basi, wamekwisha. Kitabu chetu kinasema mfalme wa mwisho, Di Xin, alikuwa mlevi na alimsikiliza mno Daji, mwanamke wake. Mtoto mmoja akaniuliza: ufalme mzima unakufa kwa pombe? Nisaidieni.

Binti Kamalondo
Mwalimu, habari za pombe na mwanamke zilitoka kwa walioshinda. Zhou walitaka watu waamini kwamba Mbingu yenyewe imewanyang'anya Shang utawala. Na Sima Qian, mwanahistoria wa China anayesimulia jinsi mfalme alivyojichoma moto akiwa na vito vyake, aliandika zaidi ya miaka 900 baadaye.

Papa Fonderi
Mwalimu, mimi nimezeekea kwenye tanuri za shaba, kwa hiyo naanzia hapo.

Mwaka 1939 wanakijiji wa Anyang walifukua chombo cha bronzi cha Shang cha miguu minne, kinachoitwa Houmuwu, kilo 832. Sasa kiko makumbusho ya Beijing. Wengine wanaangalia nakshi, mimi naangalia kazi. Shaba, bati na risasi viliyeyushwa pamoja, vikamiminwa ndani ya kalibu ya udongo iliyounganishwa vipande vipande. Kitu kizito namna ile hakingoji. Ukisitasita katikati, madini ya kwanza yanaganda, ya pili hayashiki, umeharibu yote. Lazima moto mwingi uwe tayari saa ileile, makaa yawe tele, na watu wote wasikie sauti moja. Ile misalaba ya shaba ya wazee wetu, iliyomo kwenye makumbusho yetu hapa mjini, mafundi wachache waliiweza. Houmuwu ilihitaji mfalme.

Hapo ndipo Shang walipopandia. Aliyeshika shaba na bati alishika silaha, na pia vyombo vya kuwatolea mababu chakula na pombe. Kaburi la Fu Hao, mke wa mfalme Wu Ding, mwanamke aliyeongoza majeshi, lilichimbuliwa mwaka 1976. Bronzi iliyokuwemo ilikuwa kama kilo 1,600! Wachimbaji wametoa jasho, wachoma makaa, wabebaji, na yote inarudi ardhini na mtu mmoja. Hilo linaniuma hata leo.

Lakini ufundi haukubali kufungiwa. Zhou, waliokuwa chini ya Shang, nao walijua kumimina. Mwaka huohuo wa 1976, mkoani Shaanxi, kilipatikana chombo kinachoitwa Li gui. Maandishi yake yanasema mfalme Wu wa Zhou aliwapiga Shang asubuhi ya jiazi (jina la siku katika kalenda ya China), na siku saba baadaye akampa afisa wake Li madini, naye akatengeneza chombo hicho. Vita haijapoa, madini yanagawiwa tayari.

Mama wa Ruashi
Papa, nakuheshimu, lakini umewaacha waliochinjwa. Soma mifupa ya ramli ya Shang, yale mabega ya ng'ombe na magamba ya kobe: mara kwa mara mfalme anauliza kama awachinjie mababu mateka wa Qiang, watu wa upande wa magharibi, na wangapi. Sasa angalia orodha ya waliosimama na Zhou pale Muye. Qiang wamo! Na Di Xin alikuwa amepeleka majeshi yake kupigana na watu wa mashariki, huku hatari ikikua magharibi. Kwangu mimi, damu ile ndiyo iliyoleta adui wengi siku moja.

Papa Fonderi
Mama, hapo sina ubishi. Niliangalia vyombo, sikuwataja watu waliouawa mbele yake.

Mwalimu wa Katuba
Asanteni sana. Nitaanza na Qiang, halafu Li gui. Papa, ukipata nafasi, uje darasani uwaonyeshe watoto jinsi kalibu inavyounganishwa. Udongo nitautafuta mimi.